Farasi Wenye Masikio ya Punda

Kuna maswali mawili ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hayakwepi hosteli: umesoma wapi, na umekulia wapi. La kwanza huisha haraka. La pili ndilo linalozua mabishano mpaka usiku wa manane, kwa sababu kila mtu anataka utoto wake uwe ndio uliokuwa mtamu kuliko wa wenzake. Wa Dar watakuambia habari za sikukuu pale Mnazi Mmoja, na wale ambao wazazi wao walijiweza kidogo watakutajia Fun City ya Kigamboni na maji yake ya kuteleza. Wa Unguja, ambao wao husema pembea na siyo bembea, watakukalisha kitako wakusimulie kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, na watakukumbusha kwamba na wao wana Kariakoo yao. Aliyekulia Mombasa naye atakuja na uwanja wa Makadara siku za Idi.

Halafu wote wanakugeukia wewe uliyetoka Kondoa. "Na nyie huko mlikuwa na nini? Michoro ya mapangoni?"

Kicheko. Mimi pia hucheka, maana utani wenyewe una ukweli. Michoro ya miambani ya Kolo iko kwetu kweli, na tangu mwaka 2006 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini hakuna mtoto anayepanda mchoro akazunguka nao. Kwa hiyo naomba nijibu hapa kwa maandishi, ili safari nyingine mtu akiuliza nimpe gazeti asome mwenyewe.

Kondoa tulikuwa na bembea ya farasi. Haikuwa mali ya kampuni wala ya halmashauri. Ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama, fundi wa kuchomelea. Aliiunda mwenyewe kwa vyuma alivyookota, alivyonunua na alivyolipwa navyo na watu waliokosa hela ya kumlipa kazi.

Muundo wake ulikuwa hivi. Katikati kulikuwa na ekseli ya nyuma ya lori bovu, imesimamishwa wima na kuchimbiwa ardhini kama nguzo. Juu yake ilibaki habu ya tairi pamoja na beringi zake, na hapo ndipo uhai wote wa bembea ulipokuwa. Kwenye habu zilichomelewa bomba nane zilizotawanyika kama njiti za mwavuli, kila moja ikiwa na urefu wa mita tatu, zikakazwa kwa nondo nyembamba kutoka juu ili zisilegee. Kila bomba lilibeba viti viwili: cha ndani kilikuwa kiti cha chuma cha kawaida, cha nje kilikuwa farasi wa mbao. Ukijumlisha, watoto kumi na sita kwa mkupuo mmoja.

Farasi hao ndio waliotupa sifa na aibu kwa pamoja. Seremala aliyewachonga hakuwahi kumwona farasi kwa macho yake. Kondoa mnyama wa kubeba mizigo ni punda: anabeba maji, anabeba kuni, anabeba magunia ya alizeti, na ukitaka kumchunguza unatoka tu nje ya mlango. Mzee wa watu akachonga anachokijua. Shingo alijitahidi, mkia akaupatia, ila masikio yalitoka marefu ajabu. Mjomba alipopaka rangi ya mafuta nyeupe na nyekundu, akasogea nyuma kuangalia kazi, akasema, "Basi, ni farasi." Watoto wa mji mzima tukawa tunawaita punda wa Mjomba. Hata vijiji vya pembeni walilijua jina hilo. Watoto wa Bicha, Serya, Kingale na Bolisa waliokuja mjini kwa miguu siku ya Idi, wakiwa wameshika viatu mkononi visichafuke, walikuwa wanauliza njia kwa kusema, "Punda wa kuzunguka wako wapi?"

Bembea haikusimama mwaka mzima. Ilikuwa inafunguliwa na kulazwa uani, halafu siku mbili kabla ya Idi inabebwa kwa mkokoteni, kipande kwa kipande, mpaka kiwanja cha wazi cha mtaani kwetu. Shimo linachimbwa, ekseli inasimamishwa, mawe na udongo vinashindiliwa. Kazi ya kupaka grisi kwenye beringi Mjomba hakumwachia mtu. Kisha anapanda yeye peke yake, mtu mzima wa kilo themanini, kwenye farasi mmoja mmoja, wote wanane, anazungushwa. Akishuka wa mwisho, tunajua sikukuu imefika hata kama mwezi bado haujaonekana.

Mimi nilianza kama mpandaji. Nauli ilikuwa shilingi mia, mizunguko ishirini, na tiketi ilikuwa kipande cha boksi la sabuni chenye sahihi ya Mjomba, sahihi ambayo hakuna mtoto aliyeweza kuigushi ingawa wengi walijaribu. Sote tuligombania viti vya nje. Wakubwa walidhani tunagombania farasi, kumbe tulikuwa tunagombania mwendo. Ukikaa ndani, mita mbili kutoka nguzo, mzunguko mmoja ni kama mita kumi na mbili na nusu. Ukikaa nje, mita tatu, ni karibu mita kumi na tisa. Wote mnaondoka pamoja na mnafika pamoja, kwa hiyo wa nje anakwenda mara moja na nusu ya mwendo wa wa ndani, na upepo anaoupata ni wa kwake. Nilipokutana na habari hizi darasani kidato cha tatu, mwalimu akiandika alama za Kigiriki ubaoni, nilikuwa najua jibu tangu nina miaka sita. Tofauti ni kwamba ubaoni hapakuwa na vumbi.

Nilipofika miaka kumi nikapandishwa cheo nikawa msukumaji. Tulikuwa wanne, na bembea haikuwa na injini, injini ni sisi. Hapo nikajifunza somo la pili. Ukisukuma karibu na nguzo unakimbia kidogo lakini unatumia nguvu za ng'ombe. Ukisukuma mwishoni mwa bomba ni nyepesi, ila utakimbia mpaka ulimi utoke nje. Hakuna pa kuponea. Asubuhi tuliizungusha kwa mkono wa kulia, baada ya Adhuhuri tukageuza kwa kushoto, ili mabega yapumzike kwa zamu. Jioni unalala umevaa nguo zako za Idi na ndotoni bado unazunguka.

Sitaki kuipamba kuliko ilivyokuwa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuiangalia bembea ile. Mwaka mmoja kamba ya kumfunga mtoto ilikatika, kijana mmoja akaanguka akavunjika mkono. Mjomba alisimamisha kazi palepale, akarudisha hela za wote waliokuwa kwenye foleni, akampeleka mtoto hospitali, na Idi Pili ya mwaka huo bembea haikuzunguka kabisa. Sikukuu iliyofuata kamba zote zilikuwa zimeondolewa, na kila farasi ana mnyororo na bomba dogo la kuzuia tumbo. Mara nyingi tunaposema "zamani raha" tunasahau mikono iliyovunjika. Mimi naikumbuka, na yule kijana ni rafiki yangu mpaka leo.

Ila kilichonifanya niandike makala hii siyo watoto. Ni akina mama.

Idi Mosi, baada ya Isha, watoto wanapokuwa wamerudishwa nyumbani, kiwanja kilikuwa kinabaki kitupu. Mjomba alikuwa na taa moja ya chemli aliyoitundika juu ya nguzo. Na hapo, wawili wawili, watatu watatu, wakiwa wamejitanda khanga, walikuwa wanakuja wanawake wa mtaa. Hakuna aliyetangaza. Hakuna aliyesema anakuja kupanda. Mwanzoni wanasimama pembeni kana kwamba wanapita tu, wanaulizana habari za pilau ya mchana. Mmoja anasema, "Hivi chuma hiki kinabeba watu wazima?" Mjomba anajibu bila kuwaangalia, akijifanya anakaza nati, "Kinabeba." Basi. Bibi yangu, aliyekuwa ameshapita miaka sitini, ndiye alikuwa wa kwanza kila mwaka. Anakaa upande kama anavyokaa juu ya punda, anashika shingo, anasema, "Taratibu, wajukuu zangu, mimi siyo mzigo wa mahindi."

Mama alikuwa anapanda wa nje. Baba yetu alifariki nikiwa na miaka minne, na mama niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kuhesabu: kuhesabu debe za alizeti, kuhesabu daftari, kuhesabu siku za kufungua shule. Alikuwa haongei sana na kicheko chake kilikuwa cha kuziba mdomo kwa ncha ya khanga. Lakini kwenye ule mzunguko wa tano, wa sita, bembea ikishashika kasi, nilikuwa nasikia sauti ya msichana anacheka kwa nguvu, kichwa kimeangukia nyuma, na ilinichukua muda kuamini kwamba ni yeye. Nilikuwa nasukuma bomba lake. Nilisukuma mpaka miguu ikaisha nguvu, kwa sababu niliogopa nikisimama na kile kicheko kitasimama. Kweli, kikawa kinasimama. Anashuka, anapanga khanga yake, anauliza kama tumekula, na mama yetu wa kawaida amerudi. Hela hawakulipa, na Mjomba hakuwahi kuwadai.

Nilipokuja chuo nikapata intaneti ya bure, nikaanza kusoma habari za bembea za farasi duniani. Nikakuta kwamba mchezo wenyewe haukuanza kama mchezo wa watoto. Ulikuwa mazoezi na maonyesho ya wapanda farasi wa Ulaya, wakifundishwa kulenga pete kwa mkuki huku farasi anakwenda mbio. Mwaka 1662 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliandaa onyesho kubwa la namna hiyo jijini Paris, na uwanja uliofanyika onyesho hilo unaitwa Place du Carrousel mpaka leo. Ili kufanya mazoezi bila kuchosha farasi wa kweli, walitengeneza wa mbao wakawafunga kwenye mtambo unaozunguka. Watu na wanyama ndio waliokuwa wakiusukuma. Kwa hiyo sisi wanne wa Kondoa tulikuwa na wenzetu Ulaya miaka mia kadhaa kabla hatujazaliwa. Injini ya mvuke ilikuja kuwapumzisha katika miaka ya 1860 huko Uingereza, na fundi aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo ni Frederick Savage wa mji wa King's Lynn, ambaye shughuli yake kabla ya hapo ilikuwa kutengeneza mashine za kilimo. Niliposoma hivyo nilimwona mjomba wangu kabisa: mchana anachomelea majembe ya kukokotwa na ng'ombe, jioni anachomelea farasi.

Nikakuta pia kwamba bembea za Uingereza kwa kawaida huzunguka kama mshale wa saa, na za Marekani huzunguka kinyume chake. Waingereza wanasema farasi hupandwa kutoka kushoto kwake, na mwendo wao unauweka upande huo nje, kwa wapandaji. Nikampigia simu Mjomba kumwambia. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi sisi asubuhi Waingereza, mchana Wamarekani."

Lakini habari iliyonishika ni ya Oak Bluffs, mji mdogo kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Pale kuna bembea ya farasi iliyotengenezwa mwaka 1876. Katika miaka ya 1980 ilikuwa katika hatari ya kubomolewa, farasi wauzwe mmoja mmoja kwa matajiri wanaokusanya vitu vya kale. Mwaka 1986 taasisi ya pale kisiwani inayohifadhi majengo ya zamani ikainunua nzima. Leo bado inazunguka na watoto bado wanapanda. Nilisoma habari hiyo wiki ileile ambayo kwetu alikuja mnunuzi wa skrepa.

Tuje basi kwenye skrepa.

Miaka ya karibuni bembea ya Mjomba haikuwa inalipa tena. Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni lami. Aprili 2018 Rais Magufuli alizindua barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ambayo ni kipande cha ile njia ndefu ya kutoka Cape Town mpaka Cairo. Mimi ni mtoto wa lami hiyo. Bila hiyo nisingekuwa natoka hapa chuoni asubuhi nikala chakula cha mchana kwa mama. Kabla yake, safari ya Dodoma ilikuwa ni vumbi kiangazi na matope masika, unafika umefanana na barabara yenyewe. Lakini njia inayokuleta ndiyo hiyohiyo inayokupeleka. Vijana wa Kondoa sasa Idi Pili wanapanda gari, wanakwenda kuzunguka Dodoma mjini, Nyerere Square na Chinangali, wanapiga picha, wanarudi usiku.

Ya pili ni yale majumba ya kujazwa upepo ambayo watoto wanarukia ndani. Yanafika kwenye pikapu, yanapulizwa kwa jenereta dakika chache, yana picha za katuni, na mtoto akianguka anaangukia upepo. Mzazi yeyote mwenye akili atachagua hilo. Hata Mjomba alikiri.

Ya tatu niliigundua mwenyewe, na ndiyo iliyonipa nafasi ya kuongea mbele ya wakubwa.

Mwishoni mwa Machi 2025 nilikwenda nyumbani kwa Idi el Fitri. Mvua ilinyesha usiku kucha. Bembea haikutolewa. Ilikuwa imelazwa uani chini ya mwembe, kuku wamepanda juu ya farasi, na farasi wawili masikio yao yalikuwa yameshaoza. Mnunuzi wa skrepa alikuwa amekuja siku chache kabla, ameshapiga bei kwa kilo. Alimwambia Mjomba, "Mzee, chuma hiki kinakula nafasi tu." Mjomba hakumjibu. Idi Mosi baada ya kula akatuita: mama, mimi, dada yangu, na wanawe wawili. Tuliposhaamkiana na kukaa, akasema anataka kusikia kila mtu. Akaanza na mimi.

"Mjomba," akaniambia (na yeye huniita hivyohivyo ninavyomwita), "wewe unasoma Hisabati. Nipigie hesabu. Kuna siku hii itarudi kulipa, au nijidanganye?"

Nikachukua kalamu. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi inarudi nyuma kama siku kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani. Nilipokuwa mtoto, Idi el Fitri iliangukia Septemba 2010, ikaja Agosti 2012. Kwetu hiyo ni kiangazi. Alizeti imeshavunwa, imeshauzwa, mama ana hela, mtoto ana hela, ardhi ni kavu na shimo la ekseli linashika. Yaani ile miaka tuliyoiona ya dhahabu ilikuwa miaka ambayo mwezi wa angani na msimu wa shambani vilikutana. Sasa Idi imeingia kwenye mvua. Machi alizeti bado iko shambani, mifuko mitupu, na nguzo iliyochimbiwa kwenye tope haisimami na watoto kumi na sita juu yake. Na itaendelea kurudi nyuma: Februari, Januari. Mwaka 2033 tutakuwa na Idi el Fitri mbili ndani ya mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena Desemba ikielekea mwisho, zote mbili kwenye mvua. Mzunguko mzima unachukua kama miaka thelathini na tatu. Kwa hesabu ya kalamu, maana mwenye kauli ya mwisho ni mwandamo wenyewe, Idi el Fitri itarudi kiangazi cha Septemba mwaka 2041.

Nikamsomea. Uani kukawa kimya, matone yanadondoka kutoka kwenye mwembe.

"2041 nitakuwa na miaka sabini na nne," akasema. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anapima, kama anavyopima bomba kabla ya kukata.

Binamu yangu mkubwa akasema wauze. Alisema kwa heshima na kwa sababu: paa la karakana linavuja, na hela ya skrepa ingetosha bati. Sikumwona mkosaji. Bati ni bati. Dada yangu akasema waweke farasi tu, chuma kiende. Mimi nikawasimulia habari za Oak Bluffs. Nilipomaliza, binamu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: hiyo taasisi ya kununua vitu vya kale iko mtaa gani hapa Kondoa?

Mama alikuwa hajasema. Mjomba akamgeukia. "Na wewe, mdogo wangu?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Kaka, kwani watoto wanacheka Idi tu?"

Tukamwangalia.

"Alizeti inauzwa mwezi wa saba na wa nane. Siku ya mnada watu wote wanakuja, na watoto wao, na hela. Mwezi wa angani umeondoka, lakini kiangazi hakijaondoka. Ipelekeni mnadani."

Ni hayo tu. Akaendelea na mchele wake. Mimi nimekaa lekcha tangu mwaka wa kwanza, nimefanya test na mitihani, nikapiga hesabu ya mwezi mpaka mwaka 2041, na hesabu yangu yote ilikuwa sahihi. Mama akalijibu swali kwa kulitoa kwenye kalenda moja na kuliweka kwenye nyingine. Binamu yangu ndiye aliyecheka kwanza, na ndiye aliyekwenda kwa mnunuzi wa skrepa kumwambia asirudi.

Kilichofuata siyo muujiza. Nilikata kidogo kwenye bumu langu nikachangia rangi. Mbao za masikio zikabadilishwa. Yule seremala alishafariki, kazi akaifanya mwanawe, ambaye kwenye simu yake ana picha za farasi wa kila aina. Akamuuliza Mjomba kama ayafupishe sasa, yawe ya farasi kweli. Mjomba akamkatalia. Julai bembea ikasimama mnadani, pembeni ya wauza nyama choma na mitumba, nauli shilingi mia tano. Ilizunguka kuanzia saa tatu asubuhi. Baada ya kuwalipa wasukumaji na mkokoteni, hela iliyobaki ilinunua bati kumi. Karakana inahitaji ishirini na nne. Agosti wakaenda tena.

Mnada hauna usiku. Jioni watu wanafunga mizigo wanatawanyika, hakuna ile saa ya baada ya Isha. Hilo lilinisumbua kuliko suala la hela, na sikumwambia mtu. Mnada wa Agosti nilikuwepo, niko likizo, nasukuma pamoja na vijana wadogo wanaoniita kaka. Kama saa kumi jioni foleni ilikatika. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia lake, ameshamaliza kuuza, anahesabu noti. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akanyanyuka, akaja. Mchana kweupe, watu wote wapo, wachuuzi, wanunuzi, wasukuma mikokoteni. Sasa na yeye ana miaka hamsini na kitu. Hakusimama pembeni kujifanya anapita. Akaniambia, "Nishikie hii," akanipa pochi, akapanda farasi wa nje, akakaa upande kama Bibi alivyokuwa anakaa.

Wanawake wawili wa mnadani wakamwona, wakasogea. Mmoja akauliza kama chuma kinabeba watu wazima.

Kwa hiyo, wenzangu wa hosteli, jibu ni hilo. Na nina ombi moja kwenu mnaosoma haya mkiwa mmekaa mnangoja matokeo. Likizo hii ukifika nyumbani, usiishie kukumbuka mlichokuwa mnacheza. Uliza nani alikitengeneza, alilipwa nini, na kiko wapi sasa hivi. Uliza haraka, maana wanunuzi wa skrepa wana pikipiki za magurudumu matatu na wanafika kila mtaa.

Na wale mnaopanga safari ya kwenda kuona michoro ya Kolo, mtapita Kondoa mjini kabla hamjafika. Kama ni kiangazi na ni siku ya mnada, shukeni. Wanachuo wanapanda kwa bei ileile, mia tano. Mjomba anasema walimu wenu pia wanakaribishwa, ila kwa wale wenye vitambi yeye mwenyewe ndiye atakayechagua farasi.